Kidude cha Darini

Ukuta wa Mjerumani, pale Chumbageni,
umemeza ncha tatu za keekee tangu asubuhi.
Chokaa puani, chokaa ndevuni.
Semhando kashika ngazi, ananung'unikia njaa.

Nimevuta waya juu ya dari, katikati ya mavi ya popo,
nikakaza kidude cheupe kwa skrubu tatu;
ya nne imetumbukia, sijui wapi.

Kinakonyeza. Nyekundu. Nyekundu tena.
Kijani.

Chini, wanachuo wakazishangilia simu zao;
hakuna aliyeinua shingo
ila Bi Mwanaidi wa ufagio:
"Na hicho, kinakula umeme wa nani?"

Nikaomba nywila, nimtumie mwanangu picha.
"Ya wanachuo, fundi."

Nimebeba ngazi mpaka Ngamiani,
nikanunua bando la mia tano.