Nyuma ya Bili ya Gesi

Watoto wamelala. Nimegeuza bili ya gesi,
upande wa nyuma mweupe, haujadai kitu,
nikaandika juu kabisa: BAHARI.
Chini yake nikapiga mstari.

Ireneusz amechomeka kalamu sikioni kama fundi,
ingawa anachojenga ni siku saba tu za Julai.
"Anza na treni," anasema. Naanza na treni.
Ya haraka inatoka Radom asubuhi, na inatafuna mshahara wa siku tatu;
ya usiku inajikokota, inasimama hata penye taa moja na mbwa,
lakini tukilala humo tumekwepa usiku mmoja wa kulipia kitanda.
Naandika: ya usiku. Naandika: masweta, yatakuwa mito.

Chumba. Hapo kalamu inashuka sikioni.
Chenye dirisha la bahari tunakipita
kama mtu anavyopita duka la sonara, bila kupunguza mwendo.
Chenye dirisha la bustani: la.
Huko Ustka, Bi Halszka ana chumba juu ya gereji,
ngazi za nje, jiko la pamoja, choo cha kupiga hodi.
Sauti yake simuni ilikuwa kavu: "Mtaleta mashuka yenu?"
"Tutaleta."
"Basi nawapunguzia zloti kumi kwa usiku."
Ireneusz aliinua mikono kama aliyefunga bao.

Siku saba zikawa sita mashine ya kufulia ilipoanza kukohoa.
Zikawa tano kwa viatu vya Bruno;
miguu ya mtoto huyu haina habari kwamba bei zimepanda.
Tano tumezishikilia. Tano hazitoki hapa.

Chakula: mayai ya kuchemsha, mkate wa nyumbani,
chupa sita za supu ya bitiruti, matango ya chumvi ya Mama Leokadia.
Samaki wa kukaangwa mara moja tu, siku ya tatu,
wa kugawana, na miiba tutaisifu.
Aisikrimu: mbili.
Kornelia atadai mbili kwa kila mtu,
tutasema mbili kwa safari nzima,
na machozi yake hayamo katika bajeti.

Pazia la kuzuia upepo tunalo, la milia, mti wake mmoja umevunjika;
tutaufunga kwa mpini wa ufagio.
Baltiki ni baridi, lakini baridi haikatiwi tiketi.
Mchanga bure. Mawimbi bure. Naandika sifuri mbili,
na nilivyozipenda sifuri hizo, nikazikoleza wino.

Najumlisha. Tumepungukiwa zloti mia mbili na arobaini.
Najumlisha tena, kutoka chini kwenda juu,
kana kwamba pengo huziba likishikwa mkia.

Mlango ukalia. Mama Leokadia, na gauni lake la kulalia.
Alikuwa amesikia yote; kuta za ghorofa hizi hazifichi hata mwayo.
Akatua mezani kopo la kahawa
lenye uzito usio wa kahawa.
"Nilikuwa naweka kwa ajili ya jiwe la kaburi langu," akasema.
"Nimefikiri. Jiwe halina haraka."
Hatukujua kama ni ruhusa kucheka.

Akavuta kiti, akavaa miwani, akaisoma bili,
kidole kikishuka mstari hadi mstari
kama mwalimu juu ya daftari la mzembe,
kikasimama penye neno Watu: wanne.

"Na mimi?"

Dawa ya mbu ilikuwemo. Chumvi ilikuwemo. Mpini wa ufagio ulikuwemo.
Ireneusz akainama kutafuta chini ya meza
kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.
Nikafuta wanne, nikaandika watano,
kisha, polepole, siku tano nikazifanya nne.

Mama akawa anahesabu sarafu, moja moja, kimya.
Alipofika thelathini akauliza, bila kuinua kichwa,
kama yule samaki wa siku ya tatu
anaweza kuja siku ya pili.