Uso Mmoja wa Gongo

Polisi wa stesheni walimsimamisha
na furushi refu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Mama, humu mna nini?"
"Magongo."
Mmoja akatafuta pingu. Mwingine akainamisha pua,
akanusa: mninga, vanishi, jasho la mkono.
Hakuna chupa. Vijiti kumi na moja
vilivyopinda mwisho kama alama ya kuuliza.

Ndivyo alivyorudi Tabora Nyamizi Kapela,
goti moja limekataa kukunjwa,
barua ya ualimu mfukoni: Hesabu, Isevya.
Ya Dar hakusimulia. Tulijua kwa picha tu,
ukutani kwake kule Cheyo, mchwa wameanza pembeni:
wasichana kumi na mmoja, soksi za kuazima,
yeye wa tatu, mdomo wazi
kama mtu aliyeitwa jina kutoka mbali.

Uwanja aliukuta ni kichaka cha shule.
Tuling'oa visiki mwezi wa saba mzima,
mistari tukachora kwa majivu ya bani la tumbaku.
Kichuguu kimoja kilitushinda, pale pale mbele ya goli;
akasema kiacheni, huyo ni beki,
hachoki wala haongei.
Golikipa alivaa godoro la marehemu bibi yake,
limekatwa vipande, limefungwa miguuni kwa kamba za katani.
Mpira ulikuwa mmoja. Ukizama kwenye mihogo,
Hesabu ya saa nne inaanza saa tano.

"Inama," alisema. Kila siku, inama.
"Mchezo huu haumtaki anayejiona mrefu."
Na tena: "Gongo lina uso na lina mgongo.
Mgongo haugusi mpira. Basi."
Mimi ni shoto. Darasani aliniacha niandike ninavyoandika;
waliomtangulia walinifunga mkono huo kwa leso.
Lakini uwanjani alinishika viganja, akavigeuza:
"Pole. Hakuna aliyechonga la shoto.
Sheria hii sikuitunga mimi."

Mwalimu Mkuu akaja Jumatatu moja kuazima gongo,
wachelewaji walikuwa wengi.
"Hilo lina kazi," akamjibu,
na chaki haikusimama ubaoni.
Mkuu akaenda akakata fimbo ya mpera.

Kisha Urambo.
Sare, dakika zimebaki za kuhesabu kwa vidole.
Mpira ukanijia upande wa moyo,
mkono wangu ukafanya ulichozaliwa kukifanya:
nikapiga kwa mgongo, ukagonga ubao wa goli, kò!
Refa alikuwa anafikicha vumbi machoni. Akaonyesha kati.
Wenzangu walikwisha kunibeba
nilipomwona anachechemea kuingia uwanjani,
kiganja juu, peke yake:
"Si goli."

Tulifungwa. Kwenye lori nilimchukia
kutoka Urambo hadi Usoke, kutoka Usoke hadi Ndono.
Ndono akashuka, akanunua matobolwa,
akagawa mafungu; langu likawa mawili.
Hakusema neno.
Niliendelea kumchukia, lakini nikala.

Leo mimi ndiye mkata tiketi wa stesheni ile ile.
Abiria wananung'unika kupokea chenji kwa kushoto.
Juzi amekuja, mvi zimemshukia hadi kwenye nyusi,
tiketi kumi na mbili za Kigoma, daraja la tatu,
nyuma yake mabinti wanasukumana na furushi.
Nikahesabu mara mbili, nikakosea mara mbili.
Akairudisha mia tano ya ziada, akaisukuma kwa kidole,
kisha akagonga kioo. Dirisha letu lilitobolewa chini mno,
mteja huona mikono tu.
"Inama," akasema.
"Inama, nikuone."