Meno Thelathini na Sita

Kabla sijanywa chai nafungua plagi.
Ikiwa nyeusi kama sufuria ya msibani, oili imezidi;
ikiwa nyeupe, injini inaungua kimyakimya
na anayeiua ni mimi.
Naitaka iwe na rangi ya ganda la karanga.

Moja kwa hamsini. Jicho si kipimo, namwambia Misigalo,
kipimo ni chupa ile yenye mstari wa kucha.
Anacheka. Ana miaka kumi na tisa,
mti anaupanda kama anayepanda kitandani,
na kamba ya kiunoni anaifunga
kwa sababu namtazama.

Ofisi hatuna. Tuna kibanda cha mabati Ng'ambo,
baiskeli yenye tela, kamba mbili, ngazi moja,
chenso moja ambayo mkopo wake wa vikoba
umebakiza miezi minne,
na ubao alioandika shemeji kwa rangi iliyobaki ya mlango:
TUNAPOGOA MITI. TUNAKATA IKIBIDI.
Wateja husoma sentensi ya pili tu.

"Ng'oa wote," alisema Bi Kalunde wa Isevya.
Mjohoro wake ulikuwa umelalia bati, majani yameziba mfereji.
Nikauzunguka mara tatu, nikaugonga kwa mpini wa shoka.
Upande wa mashariki ulilia kikavu, kwingine uzima mtupu.
Mti huu, mama, hauumwi mwili. Unaumwa mkono.
Tukapatana elfu themanini, matawi yake, gogo langu.

Kata chini kwanza, theluthi moja,
kisha juu, mbele kidogo ya pale,
ili tawi likienda lisichune gome hadi shinani.
Na ile shingo iliyovimba usiiguse:
hapo ndipo mti hujifunga kidonda wenyewe.
Haya sikuyasoma. Niliharibu kwanza miti ya watu.

Saa nne na nusu chenso ikapiga ukelele ambao si wake.
Cheche. Moshi. Misigalo kule juu akakaza magoti.
Ndani ya mti, kina cha kiganja, msumari
wa inchi sita, mweusi,
mti umeumeza na kufunga mdomo.
Meno kumi na moja, kwisha.

Cheni mpya ni elfu arobaini na tano, inatoka Dar kwa basi,
siku mbili njiani, ya tatu imesahaulika Nzega.
Nilishuka hesabu ikiwa mdomoni.
Bi Kalunde akaushika msumari, akaupangusa kwa khanga.
"Huu aliupigilia Mihambo. Alitundika karabai,
tukala hapa nje, nyumba haina paa."
Akanyamaza. Halafu, mfanyabiashara kuliko mimi:
"Lakini aliyeuficha ni mti. Udai mti."

Nikakosa pa kudai.
Akaongeza elfu kumi na chupa ya asali ya Sikonge,
na asali, nakiri, ilikuwa nzito.

Sasa nimekaa, magoti yamebana upanga wa chenso.
Treni ya Kigoma inapiga honi, imechelewa.
Tupa hupelekwa mbele tu, hairudishwi.
Mara tatu kila jino, ya kulia yote, ndipo ya kushoto.
Yale kumi na moja mara tisa, mara kumi na mbili,
mpaka yamekuwa mafupi; na cheni isije ikavuta upande,
inanibidi niyapunguze na mazima, ishirini na matano,
yafanane na majeruhi.

Misigalo anauliza kosa la yale mazima ni nini.
Jino refu moja, namwambia, hupinda kazi yote.
Hajaridhika. Hata mimi.

Msumari alinirudishia. "Karabai niliiuza zamani."
Nimeunyoosha juu ya kipande cha reli, fuawe yetu,
nikaupigilia kwenye nguzo ya kibanda.
Nguzo ni kavu, haitaumeza.
Tupa inaning'inia hapo.

Kesho Cheyo, saa moja, mkaratusi juu ya nyaya.
Misigalo, chupa.
Siyo hiyo. Ya mstari wa kucha.