Waya wa Ardhi

Tuliitwa kumi na saba, nafasi ni moja:
Mhandisi wa Umeme Daraja la Pili,
Usalama wa Vyombo vya Majini,
kituo cha kazi, Kigoma.
Wengine walishuka na treni, macho mekundu,
vumbi la Tabora bado kwenye kola.
Mimi nilitembea tu kutoka Mwanga,
shati nimelinyoosha kwa pasi ya mkaa,
mimi, mtu wa umeme,
maana umeme ulikatika alfajiri.

Mezani walianza na jina.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Ntahondi.
Cha kidato cha nne kinasema Mtahondi:
karani fulani wa zamani aliona N na T
haziwezi kulala chumba kimoja.
"Wewe ni wa huku, au wa ng'ambo?"
Nikatoa kiapo cha wakili, muhuri unanukia wino.
Wakakigeuza, wakatazama mgongo wake,
kama mtu afunuaye mashavu ya mgebuka
kutafuta wekundu.

Kisha vitendo. Gatini, boti chakavu,
kamba mbili, mita moja, dakika arobaini.
Taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia:
hilo hata mtoto wa Kibirizi analijua.
Nikapima nyaya zipitazo chini ya sakafu,
sindano ikagoma kabla ya megaomu moja.
Nikaandika: haifai.
Betri nikaiinamia, nikainusa,
tindikali na dagaa wa juzi.
Fomu haikuwa na nafasi ya harufu.
Niliandika pembeni.

Mwisho, mama mwenye miwani ya kamba
aliyekuwa kimya tangu asubuhi
akauliza, bila kuinua kichwa:
"Nyumbani waya wa ardhi unauzika.
Juu ya maji, ardhi yako ni wapi?"

Nilijua. Bodi lenyewe, kama ni la chuma;
kama ni la mbao, bamba la shaba kando ya mkuku,
ili mkondo uliopotea
upate pa kurudia.
Nikasema hivyohivyo. Akatia tiki.

Sikusema habari za *Sina Neno*.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
bisibisi mbili, na njaa.
Nahodha Kasanzu alinipa elfu tano:
"Kengele ya ngamani inalia usiku kucha,
abiria hawalali. Inyamazishe."
Nilikata waya mwekundu,
ncha nikaifunga utepe mweusi, mizunguko sita.
Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Boti haikuzama.
Nasema tena, haikuzama.
Huenda Kalya Jumatatu, hurudi Alhamisi,
na mihogo, magodoro, wajawazito wa kupelekwa Maweni.
Kila Alhamisi nikisikia honi yake
naacha chochote nilichoshika.

Barua ilikuja Machi.
Dada yangu Mwavita alipiga vigelegele
mpaka jirani akazima redio ajue kuna nini.
Mama aliuliza neno moja tu: pensheni ipo?
Ofisini nikapewa ovaroli ya buluu, kofia ngumu,
na orodha ya ukaguzi wa kwanza, vyombo kumi na viwili.

Cha nne, kwa herufi za mashine: *Sina Neno*.

Kesho saa moja asubuhi nitapanda ubao wake.
Kasanzu atanitambua, au hatanitambua;
ovaroli mpya humbadilisha mtu.
Nitapiga goti. Nitafunua ngama.
Utepe utakuwa umeshika bado, najua,
niliufunga mimi.

Fomu ina mstari wa kasoro: nitaujaza.
Ina mstari wa hatua: chombo kisiondoke.
Chini kabisa kuna mstari mfupi, *chanzo*,
ambao wakaguzi wengi, nimeambiwa,
hupiga kistari wakapita.

Ni mfupi, lakini nimepima.
Jina langu linaenea,
lile lenye N.