Mlinzi wa Mlango

Bandani kwa Kondo Pazi, Tandale,
ukuta mmoja na mashine ya kukoboa,
mimi nilikuwa mlango.
Mia mbili mkononi, la sivyo rudi kwenu.
Nilimrudisha hata mtoto wa mwenye nyumba,
wiki ile nikalala barazani.

Kondo alikaa kando ya runinga,
maikrofoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
akitafsiri lugha asizozijua.
Kikorea, Kihindi, Kichina cha kupigana
viliingia sikio lake la kushoto
vikatoka kinywani vimeshaoga.
“Huyu ndiye stelingi. Mtazameni viatu.
Mwenye viatu vibovu hivi, na bado anaikataa kazi,
jueni kazi itamfuata.”

Ikamfuata. Haikukosa hata siku moja.
Alikuja mzee wa ndevu, Kondo akamwita Fundi,
akampa kijana upanga, au taa, au namba ya simu,
kisha akafa mapema, maana mafundi hufa mapema
ili mwanafunzi akose wa kumuuliza.
Akaja rafiki mchekeshaji. Tulimpenda,
tukamhesabia dakika.
Akaja mwanamke wa nyuso mbili
na benchi la nyuma likapigana.
Stelingi akavuka mto wowote ule:
“Huyo, kavuka Jangwani, maji ya kiuno,
na nyuma yake daraja halipo!”
Bosi wa maadui aliishi ghorofani siku zote,
na siku zote alipewa sauti ya afisa ardhi.

Nikaamini dunia ina watu saba tu
wanaoazimana mashati.
Niliwaona mchana, Kwa Mtogole, wakinunua mihogo.
Nami nilijijua: bawabu wa lango,
yule anayekunja mikono, anasema “hupiti”,
anakula ngumi moja, anaanguka kwenye maua
na hakuna anayeuliza kama ana watoto.

Mama Chausiku aliuza ubuyu mlangoni pangu.
Hakuingia kamwe. Mwanawe Hemedi
alizamia meli ya mbolea, mwaka wa tatu ule,
bila barua, bila hata uvumi.
Yeye alisikiliza tu, mgongo kwenye bati.

Usiku mmoja akaingia. Sikumdai.
Stelingi alikuwa tumboni mwa meli,
mlango wa chuma umefungwa kwa nje,
maji magotini, maji kiunoni.
Kondo aliinama kama anayeokota shilingi.

Giza.

Watu wakadai hela zao, kwangu, kwa nani tena?
Ndipo sauti ikaendelea, bila picha, bila maikrofoni:
“Maji kifuani. Nyamazeni, anatafuta bawaba.
Kaipata.
Anaogelea, siku ngapi sijui, msiniulize.
Sasa yuko nchi kavu. Amekonda.
Mfukoni ana kitu, sikisemi.
Anakata kona, anahesabu milango ya kwao,
anaisikia mashine ya kukoboa, kama mnavyoisikia,
na pua yake inamwambia: ubuyu.”

Hakuna aliyeuliza ubuyu umefikaje Uchina.
Mama Chausiku alitoka wa kwanza,
akaniwekea mia mbili kiganjani,
akanikunja vidole mwenyewe.

Miaka kumi na minne imepita. Juzi, Sinza,
sebuleni kwangu, niliiona filamu ile nzima.
Maji kifuani. Maji kidevuni.
Stelingi anafumba macho,
na majina yanaanza kupanda, meupe, mengi,
majina ya wapishi, ya madereva,
na la bawabu nalo limo.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Stelingi hafi: tuliapiana hivyo utoto mzima,
tukagombana, tukawekeana dau la chapati.

Kondo aliitazama kila filamu mchana, peke yake,
apate kupanga sauti.
Nami mlinzi, niliyekuwa namjua kila aingiaye,
ndiyo kwanza nakumbuka:
usiku ule wa giza, upande wa pili wa ukuta,
mashine ilikuwa inakoboa.