Swali la Nne

Miaka kumi na tisa nimechora tuta lilelile:
mstari mmoja wa chaki, huku bahari, huku viazi,
na wanafunzi wa Delft wakinakili
kama watu waandikao jina la ukoo wao.

Baba alikuwa mkaguzi wa matuta kule Zeeland.
Kila baridi alitembea na fimbo ya chuma,
akidunga udongo, akisikiliza,
akirudi na matope hadi magotini
na neno moja mezani: Limeshika.
Nimelelewa na neno hilo.

Jumanne moja, mvua ikipiga vioo,
Lutfunnahar wa Khulna aliinua mkono nusu,
kama mtu aulizaye bei asiyokusudia kulipa.
"Mwalimu, kwetu tuta tulilikata."

Darasa likacheka kidogo, kwa adabu.
Nikasema: Unamaanisha lilibomoka.

"Hapana. Tulilikata. Kwa majembe, usiku.
Mama alishika taa.
Walilijenga wataalamu waliokuja kwa ndege.
Lilizuia mto, likazuia na tope lake:
nje mto ukapanda, ndani shamba likadidimia,
mpunga ukaoza miaka minane.
Tulipokata, maji yakajaa na kupwa, yakajaa na kupwa,
kila bamvua likituachia unene wa ukucha.
Sasa tunalima juu ya kile mlichotufundisha kukizuia."

Kimya. Kisha Wilfredo, kutoka nyanda za juu za Bolivia,
asiyesema kitu tangu Septemba:
"Na sisi tusio na maji ya kuzuia wala ya kukaribisha?
Ziwa la babu limebaki rangi ya buluu kwenye ramani.
Mtumbwi wake umelala penye chumvi.
Kuku hutagia humo."

Nilishika chaki. Sikujua niiweke wapi.

Usiku ule niliitafuta ripoti ya lile tuta,
kabati la chini, karatasi za manjano.
Ukurasa wa mwisho, saini tatu.
Ya pili naijua: ndiyo iliyopo
kwenye shahada yangu, ukutani, juu ya redieta.

Baba, limeshika. Naam.
Limeshika na kisichokuwa chake.

Mtihani wa Juni, swali la nne
halisemi tena: Kokotoa kimo cha tuta.
Linasema: Kokotoa, kisha taja
nani aulizwe kabla ya kujenga,
na nani atashika taa.

Joost wa ofisi ya pili ananiuliza
jibu hilo litapewa alama ngapi.
Sijui bado.
Nimeacha nafasi, nusu ukurasa, tupu.