Siku ya Pili

Mwalimu Drahomíra alifundisha Kicheki
kama mtu anayemenya kitunguu:
ganda, na chini yake ganda,
na sisi, wasichana kumi na wanne wa kiwanda cha nguo Náchod,
pamba ingali nyweleni baada ya zamu ya alfajiri,
tulitokwa machozi.

Herufi yao moja ilinishinda miezi mitatu.
R yenye kofia: ulimi utetemeke, meno yafyonze,
cherehani ishone juu ya mchanga.
Liên, aliyelala kitanda cha juu,
aliniomba nikafanyie mazoezi chooni.

Neděle, akaandika. Jumapili.
Akalikata neno kwa chaki:
siku isiyotendwa kazi.
Tukatazamana. Jumapili tulikuwa na zamu.
Akatuona, akafuta ubao upesi.

Kisha úterý, Jumanne.
Ni "ya pili" ya kale, alisema, imevaa koti jipya.
Nikaiandika kiganjani, moyo baridi:
hatimaye kitu ninachokijua!
Hata kwetu Nam Định kuna siku ya pili.
Ila ya kwetu ni Jumatatu.
Na wako watu, nasikia, Jumatatu kwao ni ya tatu.
Kila taifa lilianza kuhesabu pale lilipoamka.

Basi aliponialika chai siku ya úterý
nikapiga pasi blauzi, nikanunua maua matatu
(mawili ni ya maiti, walinionya bwenini),
na Jumatatu, saa kumi kamili, nikabisha hodi.

Alifungua na vibiringisho kichwani,
unga hadi viwikoni.
Akanitazama. Akaitazama kalenda ukutani.
Nikajua nimekosea, sikujua wapi.
Angeweza kusema "kesho";
neno hilo nililielewa.
Akanipa aproni.

Keki ilikuwa bábovka, jina lililotoka kwa bába, ajuza.
"Leo wapo wawili," alisema, akigusa vibiringisho,
"mmoja wa kuoka, mmoja keshaiva."
Nilicheka kabla sijaelewa,
nikacheka tena nilipoelewa.

Tukikoroga mayai akaniambia habari za dubu.
Medvěd: mla-asali.
"Hilo si jina lake. La kweli
wahenga waliogopa kulitaja porini, asije akaitika.
Wakamzungukia kwa lakabu, mpaka waliolijua wakaisha."
"Hakuna anayelijua sasa?"
"Huku kwetu, hakuna."

Juu ya redio palikuwa na picha ya kijana,
koti la mvua, sanduku mkononi.
Nikauliza ni nani.
Akafungua tanuri, uso ukapotelea katika joto.
"Mla-asali," akasema.
Sikuuliza tena.

Tulipokuwa tunanawa akadai deni lake:
"Nami nipe neno moja la kwenu."
Nikainua sabuni. Xà phòng.
Si letu hasa, nilijieleza kwa Kicheki changu cha vipande,
Mfaransa alipoondoka alilisahau bafuni.
Akalirudia, akalikosea, akalirudia,
mwanamke wa miaka sitini na moja
akinitolea ulimi jikoni kwake nimkague,
na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege
mimi ndiye niliyejua.

Maana ya ile kalenda niliigundua wiki iliyofuata,
katika foleni ya mshahara. Nikaungua masikio.
Sikumwambia, naye hakuwahi kunisahihisha,
yeye aliyesahihisha hata mabango ya tramu.
Miaka minane nilikwenda kila Jumatatu.
Mara zote alikuwa na unga mikononi.

Sasa binti yangu hunichekea R yangu.
Yake inaimba, amezaliwa nayo.
Najua majina ya soksi zote ninazouza
na ya nusu ya wanunuzi.

Makaburini napeleka ua moja Jumatatu,
Jumanne narudi na jingine.
Mlinzi aliwahi kuuliza kwa nini nisiyalete pamoja,
nijiokolee nauli.
Nilimjibu kwa kifupi: úterý.
Alidhani nimekosea siku.